Marufuku ya Zebaki na Deni la Mchimbaji

(Maneno ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya wajumbe wa vyama wanachama, wakati wa kujadili azimio la kuiomba Serikali itunge sheria ya kupiga marufuku uingizaji wa zebaki nchini. Yamechapwa hapa kwa ombi la wajumbe.)



Nimepewa nusu saa, na Ndugu Katibu amenionya kwamba sisi wakaguzi tukipewa jukwaa huanza kusoma mizania. Leo sikuja na mizania. Azimio lililo mbele yenu limeletwa na vyama vitatu vya wakulima wa mpunga na chama kimoja cha wavuvi. Linataka Chama Kikuu kiiombe Serikali itunge sheria ya kupiga marufuku kabisa uingizaji wa zebaki. Vyama viwili vya wachimbaji wadogo wa dhahabu vimekwisha leta barua za kulipinga. Nimezisoma barua hizo mara mbili, na nasema mapema, ili mtu asije akadhani namzunguka, kwamba mimi naliunga mkono azimio. Lakini naliunga mkono kwa masharti, na kabla sijayataja sina budi niungame jambo moja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kukagua hesabu za chama kimoja cha wachimbaji, ambacho hakina haja ya kutajwa hapa. Katika daftari la bohari nilikuta mstari ulioandikwa: "Dawa, chupa 6." Nikamwuliza mtunza bohari ni dawa ya nini. Akanionyesha rafu, katikati ya debe la mafuta ya kupikia na boksi la sabuni, akaniambia nichukue chupa moja niione. Ilikuwa chupa ya soda ya kawaida, imezibwa na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikaishika kama mtu ashikavyo soda, na nusura iniponyoke. Lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 hubeba kilo 4. Vijana waliokuwapo walicheka sana. Nikahesabu chupa 6, daftari likasema chupa 6, nikatia alama yangu.

Jioni nikakaribishwa chai nyumbani kwa mmoja wa viongozi. Mama wa nyumba alipoipua birika, kijana akaweka juu ya makaa yale yale kikaango kidogo chenye donge jeupe, dogo kuliko punje ya hindi. Mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwa mamaye. Hapakuwa na moshi wa kuonekana, wala harufu. Baada ya muda donge likawa la manjano, watu wakafurahi, nami nikamaliza chai yangu nikaaga. Katika taarifa ya ukaguzi niliandika kwamba bohari inatunzwa vema.

Taarifa ile ingali ndani ya jalada, Ndugu Wajumbe, na sahihi iliyo chini yake ni yangu. Kwa hiyo nisemapo leo habari za uzembe, msidhani nawasema ninyi peke yenu.

Kwa wale ambao hawajapata kuiona, zebaki ni madini, kama chuma au shaba, ila katika hali ya kawaida ni majimaji. Ina tabia ya kushikamana na dhahabu. Mchimbaji husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake kwenye mwalo, kisha hutia zebaki kwenye karai na kukanda kwa mkono, mara nyingi mkono mtupu. Zebaki huokota chembe za dhahabu zikawa donge. Donge huchomwa, zebaki hugeuka mvuke ikaenda zake, dhahabu hubaki. Zebaki huchemka ikifikia nyuzi 357 za Sentigredi, lakini hutoa mvuke hata ikiwa imekaa tu chupani bila kifuniko. Mvuke huo ukivutwa huingia damuni na kufika kwenye ubongo na figo. Mtu huanza kutetemeka mikono, husahau, hukasirika bila sababu, hukosa usingizi. Kwa mama mjamzito huvuka mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Kati ya mwaka 2002 na 2007 kulikuwa na mradi wa Umoja wa Mataifa juu ya zebaki katika uchimbaji mdogo, na kwetu Tanzania ulifanya kazi Rwamagasa, wilayani Geita. Waganga waliowapima watu wa pale walikuta dalili za sumu hii, hasa kwa wale ambao kazi yao ni kuchoma.

Sasa niende kwenye jambo ninalolijua zaidi kuliko uganga, nalo ni hesabu.

Mchimbaji ukimwuliza kwa nini anatumia zebaki atakujibu kwamba ni rahisi, na tena mara nyingi haimgharimu kitu. Neno hilo la pili ndilo lililonifanya nirudi kwenye madaftari. Kitu kinachosafirishwa kutoka ng'ambo ya bahari hakiwezi kuwa cha bure. Nilipofuatilia nikaona kwamba zebaki huja pamoja na mfadhili. Mfadhili ndiye atoaye unga na maharage ya kambi, dizeli ya pampu, magogo ya kushikilia kuta za duara, na zebaki. Havidai malipo ya fedha. Hudai kitu kimoja tu, kwamba dhahabu itakayopatikana auziwe yeye, kwa mzani wake na kwa bei yake. Zebaki ni sehemu ya mkopo, na riba yake imefichwa ndani ya bei ya dhahabu. Mchimbaji haioni, kama vile asivyouona mvuke.

Lakini mahesabu hayaishii hapo. Zebaki ikitumiwa kwenye mawe yetu mengi haikamati hata nusu ya dhahabu iliyomo. Sehemu iliyobaki imo ndani ya marudio, yaani ule mchanga uliokwisha oshwa. Nayo marudio, kwa desturi ya mahali pengi, ni mali ya mwenye karasha. Huyakusanya yakawa kilima, kisha huyapeleka kwenye matangi ya sayanaidi na kuipata dhahabu ile ambayo mchimbaji aliiacha. Kwa hiyo yule aliyeshuka shimoni kwa kamba amechukua sehemu ndogo na mvuke wote, na aliyekaa kivulini amechukua sehemu kubwa. Katika vyama vya pamba tungeliita jambo hili wizi wa mizani. Katika madini tumelizoea tukaliita desturi.

Wajumbe wanaopinga azimio wameandika kwamba sheria ipo tayari, na kwamba mpya haina kazi. Wana haki nusu. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, na chini yake mwagizaji wa kemikali hutakiwa awe amesajiliwa na awe na kibali cha Mkemia Mkuu wa Serikali. Upo pia Mkataba wa Minamata, uliopitishwa nchini Japani mwezi wa Oktoba 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017. Nchi yetu iliuridhia mwaka 2020. Lakini Mkataba wenyewe haukuzipiga marufuku nchi kuagiza zebaki kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Uliagiza kila nchi yenye uchimbaji huo mwingi iwe na mpango wa kuipunguza, na pale inapowezekana kuiondoa, na ukataja mambo ambayo ni lazima yakomeshwe: kutia zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha chekechwa, kuchoma donge mahali pa wazi, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Someni tena mambo hayo manne, halafu kila mmoja ajiulize ni machimbo gani anayoyajua ambayo hayafanyi hata moja. Sheria iliyopo inaruhusu kwa kibali, na palipo na mlango wa kibali daima patakuwa na mtu wa kupita nyuma yake.

Tena kupita ni rahisi mno. Zebaki husafirishwa duniani katika chupa za chuma za kilo 34 na nusu. Chupa hiyo yote haifiki lita 3. Hukaa ndani ya mfuko wa sokoni chini ya mchicha. Afisa wa forodha anayetafuta magendo ya sukari hutazama lori. Nani atatazama mfuko? Ikiwa zebaki yote imekatazwa, atakayekutwa nayo hana la kujieleza. Ikiwa nyingine ina ruhusa na nyingine haina, wote watasema yao ni ile yenye ruhusa, na kwa macho hazitofautiani.

Hata hivyo, nawasihi waleta azimio wasidhani kwamba kufunga mlango mmoja kunatosha. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zilipiga marufuku kuuza zebaki nje kuanzia Machi 2011, na Marekani ikafuata Januari 2013. Hilo lilikuwa jema. Lakini biashara haikufa; ilihamia katika miji mingine ya Asia na Mashariki ya Kati. Na kwa kuwa bei ilipanda, huko Indonesia, katika kisiwa cha Seram, watu waliingia milimani kuchimba jiwe jekundu liitwalo sinaba, ambalo ndilo mama wa zebaki, wakalichoma wenyewe. Nchi iliyokuwa ikinunua zebaki ikawa inaiuza. Panapo deni linalosubiri zebaki, zebaki itatafutwa.

Nimeona wajumbe wa pamba na mpunga wanasinzia, labda kwa kudhani kwamba haya ni ya wachimbaji. Niwaamshe kwa habari ya bohari ya mbegu.

Mwaka 1971 nchi ya Iraki ilipata ukame na mbegu zikawa haba. Serikali yake ikaagiza ng'ambo ngano na shayiri ya mbegu, jumla yake karibu tani 95,000, nyingi ya ngano hiyo ikitoka Meksiko. Mbegu zilikuwa zimepakwa dawa ya kuzuia ukungu iliyotengenezwa kwa zebaki ya aina mbaya kuliko zote, ile iliyoungana na kaboni. Kabla ya hapo, mwaka 1956 na tena mwaka 1960, watu wa Iraki walikwisha dhurika kwa kula mbegu zilizopakwa dawa za namna hiyo. Nchi ya Uswidi, kwa kuona ndege wake wanakufa mashambani, ilikwisha piga marufuku dawa hizo mwaka 1966. Dawa iliyokatazwa kwa ajili ya ndege wa Uswidi ikapakwa kwenye nafaka iliyotumwa kwa wakulima wa nchi nyingine.

Mizigo ilifika bandari ya Basra, na kwa mahali pengi iligawiwa wakati watu wamekwisha panda. Sisi tunaoshughulika na pembejeo tunajua vema maana ya mbegu kufika baada ya mvua. Magunia yalikuwa na onyo, lakini onyo lile lilikuwa kwa Kihispania na Kiingereza. Nafaka ilikuwa imetiwa rangi nyekundu iwe ishara. Mama wakaiosha, rangi ikatoka, wakadhani sumu imetoka. Kumbe sumu haikwenda na rangi. Wengine walikuwa waangalifu zaidi, wakawapa kuku kwanza. Kuku hawakufa kwa siku zile chache, basi watu wakaoka mikate. Zebaki hiyo hukaa mwilini wiki nyingi kabla ya kujionyesha. Mtu hufa ganzi midomo na vidole, kisha kutembea humshinda, kisha macho huingia giza. Watu 6,530 walilazwa hospitalini, na 459 kati yao walifia humo. Hao ndio waliofika hospitalini. Ilipotangazwa kwamba nafaka ile ni hatari, wako walioogopa kukutwa nayo wakaimwaga mtoni.

Nimelieleza jambo hilo kwa urefu kwa sababu ndani yake sioni mtu mwovu. Naona agizo la serikali, meli, bohari, karatasi za kupokelea, na mgawaji aliyegawa kama alivyoagizwa. Hakika kila gunia lilikuwa na sahihi ya mtu, kama ile sahihi yangu ya chupa 6.

Na sasa niwageukie wavuvi, ambao jina la Minamata wamelitaja katika azimio lao. Minamata ni mji wa pwani nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikitumia zebaki kutengeneza kemikali tangu mwaka 1932, na maji yake machafu yakiingia baharini. Humo zebaki ikageuka ya ile aina mbaya, ikaingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki ikaingia kwa paka na kwa watu. Ugonjwa uliripotiwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitaja zebaki kuwa ndiyo sababu mwezi wa Julai 1959. Kiwanda kiliendelea mpaka mwaka 1968. Watu zaidi ya 2,000 wametambuliwa rasmi kuwa waliugua.

Lililo langu mimi kama mkaguzi ni kwamba Minamata palikuwa na chama cha ushirika cha wavuvi. Chama kile kiliona bahari inaharibika mapema kabisa, kikalalamika, na mwaka 1926 kampuni ikakipa fedha kidogo kwa sharti kwamba kisilalamike tena. Mwaka 1943 kikalipwa tena. Na mwishoni mwa Desemba 1959, wagonjwa wenyewe walitiwa saini mkataba wa "fedha za pole": yen 300,000 kwa aliyekufa, na ndani yake kifungu kwamba hata ikija kuthibitika kuwa kiwanda ndicho chenye kosa, hawatadai zaidi. Wakati ule daktari wa hospitali ya kampuni alikuwa amekwisha mlisha paka maji ya kiwanda na kumwona akiugua, na habari hiyo ikafichwa. Mahakama iliubatilisha mkataba ule tarehe 20 Machi 1973. Miaka 13 na zaidi ilikuwa imepita. Ningependa kuziona kumbukumbu za mikutano ya chama kile cha wavuvi, nione ni nani aliyesimama akasema tusipokee. Pengine alikuwapo. Pengine aliambiwa akae chini kwa sababu ada za shule zinangoja.

Lakini wavuvi wetu wasilitumie jina hilo ovyo. Samaki wa Ziwa Viktoria waliopimwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa, kwa sehemu kubwa, chini ya kipimo ambacho kimekubaliwa kuwa cha usalama. Azimio lenu linasema samaki "wana sumu". Nawaomba mlirekebishe leo kabla ya kura, maana maneno hayo yakitoka humu yakamfikia mnunuzi, hamtauza sangara kwa bei yoyote, na mtakuwa mmejifunga wenyewe. Semeni kweli iliyopo: kwamba mito inayotoka machimboni inashuka ziwani, kwamba zebaki ikiingia kwenye tope haitoki, na kwamba mnataka izuiwe wakati samaki wangali salama. Hoja hiyo ina nguvu zaidi. Mtu wa kwanza kuumia kwa zebaki kwetu si mla samaki. Ni mama yule aliyeipua birika.

Sasa nizijibu barua za wachimbaji, maana zimeandikwa kwa adabu na zina uzito. Wanauliza: mkiifunga zebaki kesho, tutakula nini? Ni swali la haki. Ikiwa sheria itapita bila jibu, yatatokea mambo mawili. Bei ya zebaki ya magendo itapanda, na mfadhili atakuwa ndiye peke yake mwenye uwezo wa kuipata, deni litakaza. Na wale watakaokamatwa watakuwa ni wenye karai, si wenye fedha. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua ni nani hukutwa na kidhibiti mkononi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kwamba sheria itaje tarehe, na tarehe hiyo isiwe ya kesho wala isiwe ya wajukuu zetu. Muda wa miaka miwili hadi mitatu ningeuona kuwa wa haki. Sharti la pili ni kwamba isiseme juu ya bandari na mipaka peke yake, bali iseme pia juu ya kile kilichokwisha ingia. Kila mwenye zebaki aitangaze kwa uzito bila kuadhibiwa kwa kuitangaza, na Serikali iseme itapokelewa wapi. Bila hivyo itamwagwa, kama ilivyomwagwa nafaka ya Iraki. Na kwa kuwa tumo humo, sheria isisahau sabuni na krimu za kujichubua zenye zebaki, ambazo nimeziona kwenye rafu za maduka ya ushirika pia. Mama mmoja mwanachama aliniambia kwamba mkaguzi mwanamume hawezi kujua bei ya weupe. Sikuwa na jibu, lakini krimu niliiandika.

Sharti la tatu halimhusu Mbunge wala Waziri. Linatuhusu sisi tuliomo humu. Zebaki imeshika kwa sababu inakuja pamoja na unga na dizeli. Atakayeiondoa ni yule atakayeleta unga na dizeli bila zebaki. Chama Kikuu hiki kinakopesha mkulima wa pamba mbegu na dawa kwa dhamana ya mavuno yake. Mchimbaji mwenye leseni ndogo naye ana mavuno, na tangu mwaka 2019 yapo masoko ya madini ya Serikali, ambako dhahabu hupimwa kwa mzani wa wazi na bei hubandikwa ukutani. Dhahabu ikipita sokoni, mkopo unaweza kukatwa pale pale kama tunavyokata kwenye pamba. Ni nini kinachotuzuia? Nimewauliza viongozi kadhaa, na wamenijibu kwamba wachimbaji si waaminifu. Jibu hilo hilo walipewa babu zetu walipoomba mikopo ya pamba na kahawa.

Halafu ni lazima vyama vya wachimbaji viwe na karasha vyao, na meza za kutikisa za kutenganisha mchanga mzito na mwepesi, ili marudio yabaki mali ya chama. Huko Benguet, nchini Ufilipino, wako wachimbaji wadogo ambao kwa miongo mingi wamekuwa wakichekecha mchanga wao mpaka ukawa mchache kabisa, kisha huuyeyusha kwa unga wa boraksi bila tone la zebaki. Si kila jiwe linakubali njia hiyo, na mtu asiwadanganye kwamba ni rahisi. Inataka ustadi na moto mkali. Wakati wa mpito, zebaki ingali ikitumiwa, kila mwalo uwe na retoti, yaani chombo cha kunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mafundi wanaweza kukitengeneza kwa mabomba ya chuma. Lakini msimpe mchimbaji retoti mkamwachia mfadhili. Nimeona retoti tatu zimetundikwa ukutani katika ofisi ya chama, zimepigwa picha pamoja na wageni, hazijapata kuona moto. Mnunuzi hakutaka kungoja zipoe.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza azimio lirekebishwe hivyo: lihusu samaki kwa maneno ya kweli, litaje muda, litaje zebaki iliyomo bohari, na liongezwe fungu kwamba Chama Kikuu chenyewe kitafungua mkopo wa pembejeo za uchimbaji kwa vyama vyenye leseni na hesabu zilizokaguliwa. Fungu hilo la mwisho likiondolewa, mimi nitawashauri wachimbaji walipigie kura ya hapana, ingawa moyo wangu uko upande wa marufuku.

Na liko la kufanya ambalo halihitaji kungoja kura. Makatibu wa vyama vyote, si vya wachimbaji pekee, mkirudi tazameni bohari zenu. Chupa mtakazozikuta msizifungue, msizimwage chooni wala mtoni. Ziondoeni kwenye vyakula, zizibwe sawasawa, zifungiwe peke yake. Kila chupa ipimwe, na daftarini muandike neno zebaki, si dawa, na kilo, si chupa. Nakala moja mniletee mimi, nami nitaipeleka kwa maafisa wa Mkemia Mkuu. Fomu ziko mezani kwa Ndugu Katibu. Mizani ya bohari inatosha kwa kazi hiyo, ila iwe ile yenye muhuri wa Vipimo wa mwaka huu, maana nne kati ya nilizoziona mwezi uliopita hazikuwa nao.